Rangi ya Mlango

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu kule Mitaboni alisema nilizaliwa nikiwa tayari nimekasirika, na wateja wangu mjini Machakos hawakuwa na sababu ya kumbishia. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, karibu na msikiti, kilichogawanywa kwa mbao nyembamba: upande huu mimi na taipureta yangu, upande ule wakili Bartholomew na mihuri yake. Mtu akikohoa huku, wa kule angeweza kumwambia pole bila kuinua sauti.

Mwaka wa tisini na sita sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa maelezo ya Wasomali. Vita vya kwao vilikuwa vimewamwaga kila mahali, na wale waliokuwa na ndugu wafanyabiashara Machakos walikuja kukaa nao. Waliotaka kuhamia nchi za mbali walitakiwa waeleze yaliyowapata, maelezo yapigwe taipu kwa Kiingereza, kisha wasomewe tena kwa lugha yao mbele ya wakili, ndipo waape na kutia sahihi. Wengi wao hawakujua Kiingereza wala Kiswahili cha kutosha, na mimi sikujua Kisomali. Katikati yetu alikaa Mzee Dayib.

Mzee Dayib alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, shati jeupe lililonyooshwa, kalamu mbili mfukoni, viatu visivyoshika vumbi, jambo ambalo kwa Machakos ni muujiza. Alisema kwao alikuwa karani wa idara ya hali ya hewa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama daktari aliyesimama karibu na kitanda cha mgonjwa, na kila mtu alinyamaza ili amsikie.

Kazi yake ilikuwa safi. Wakalimani waliomtangulia walinitesa. Mtu angelia nusu saa nzima, halafu mkalimani ananigeukia, "Anasema walimpiga." Walimpiga wapi? Nani? Lini? Dayib hakuwa hivyo. Alinipa saa, mahali, waliokuwepo, jua lilikuwa upande gani. "Maelezo yasiyo na saa ni porojo, Mutheu," alikuwa akiniambia. Nilimpenda yule mzee, nasema wazi. Tulikunywa chai pamoja kila siku saa nne, na kwa vile mimi mdomo wangu haulali, nilimweleza kila kitu: shamba letu, mguu wa mama, mchumba aliyenikimbia. Yeye alisikiliza tu. Miaka miwili sikuwahi kujiuliza mbona yeye hanielezi chochote.

Sainab alikuja mwezi wa nane. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, amejitanda kitambaa cha kahawia, na alikaa kwenye ncha ya kiti utadhani kiti si cha kwake kukalia. Binti zake wawili walikuwa wametangulia Norway. Barua ya kumwita alikuwa nayo, lakini alisema, kupitia kwa Dayib, kwamba haendi popote bila Abdisalan, kaka yake. Kaka huyo ndiye aliyemfanya akimbie kwao, na kaka huyo ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu zake wa tumbo moja.

Basi akaeleza. Nchi yao ilipotangazwa kuwa ya kisoshalisti, kila mtaa ulijengewa jumba la mafunzo. Huko watu waliimba nyimbo za mapinduzi, waliozeshwa, na walifundishwa kumwangalia jirani. Walimu wa wale watu wa usalama walitoka Moscow na Berlin ya mashariki. Sainab hakuwataja kwa jina hata mara moja. Alisema neno fupi huku akitazama dirisha, na Dayib akalitafsiri, "Idara." Baadaye Najmo, msichana wa duka la vitambaa chini yetu, aliniambia lile neno maana yake ni "wale" tu.

Abdisalan alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka wa themanini na mbili jirani aliandika kwamba mwalimu husikiliza redio ya nje na hucheka. Wakaja wanne, wakamfunga macho sebuleni mbele ya dada yake, wakamchukua. Alikaa miaka minne. Aliporudi hakuweza tena kukaa chumba kimoja na mlango uliofungwa.

Haya yote nilikuwa nikiyapiga moja kwa moja, vidole vinakimbia. Niliona kwamba Sainab anasema maneno mawili matatu, na Dayib ananipa mistari minne. Sikushangaa. Nilifikiri Kisomali ni lugha fupi.

Tulipofika mwisho Dayib akauliza shahidi, yaani huyo Abdisalan, yuko wapi. Sainab akatikisa kichwa.

"Anakataa kusema," Dayib akaniambia kwa upole. "Bila mahali pa kumpata, shahidi si shahidi. Wataitupa faili."

Ilikuwa karibu saa saba, nilikuwa na njaa, na nilikuwa na kazi nyingine tatu zinanisubiri. Nikamgeukia yule mama, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata asiyejua Kiswahili angeielewa: "Mama, hapa ni Kenya! Nani atakufuata hapa? Ukitaka kusaidiwa sema, kama hutaki niko na watu wengine wananingoja!"

Alinitazama. Halafu akasema jina la mahali, akisogea karibu nami badala ya kumwambia Dayib. "Kinanie." Kisha, kupitia kwa Dayib, akaeleza kwamba kaka yake anachunga ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja, wale wanaopelekwa kuchinjwa Athi River, kwenye boma nyuma ya reli. Dayib aliuliza boma lina geti gani. Nikapiga na geti pia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Kesho yake Dayib hakuja, na hakuwa na desturi ya kukosa. Ijumaa asubuhi hakuonekana tena, na Sainab alikuwa ameshafika kusomewa na kuapa. Wakili Bartholomew, ambaye hapendi kusubiri hata chai ipoe, akanituma nimwite Najmo. Najmo alikuwa amezaliwa Machakos hapa hapa, amesoma hadi kidato cha nne, Kiingereza na Kisomali alikuwa navyo vyote.

Alisoma ukurasa wa kwanza bila shida. Wa pili, akafika pale Abdisalan anaposhushwa chini kuhojiwa. Akasoma, na Sainab akainua mkono.

Wakaongea wao kwa wao. Najmo akarudia mstari ule. Sainab akasimama.

"Anasema nini?" wakili akauliza.

"Anasema hii hakusema yeye," Najmo akajibu. "Hapa imeandikwa kulikuwa na mlango wa chuma, rangi ya samawati, na dirisha dogo lenye kioo kilichopasuka. Anasema yeye hakusema rangi. Hakusema kioo. Na kaka yake hawezi kuwa alimwambia, kwa sababu kila mara aliposhushwa huko alikuwa amefungwa macho. Hajawahi kuuona huo mlango."

Wakili alinigeukia mimi kwanza. "Mutheu, umeongeza maneno?"

"Mimi?" nikafoka. "Mimi nitatoa wapi mlango wa Mogadishu? Nimepiga kile Mzee Dayib ameniambia!"

Nilipolisema hilo nikalisikia. Sote tulilisikia. Najmo aliiweka ile karatasi mezani polepole na kuifuta mikono kwenye gauni lake. Yule mzee hakuweza kuvumilia maelezo yenye pengo. Aliliona shimo, na kwa mazoea ya kazi ya miaka mingi akaliziba kwa kitu alichokuwa nacho kichwani. Na kitu hicho kingeweza kuwa kichwani mwa mtu wa aina moja tu: aliyekuwa akishuka ngazi zile macho wazi.

Kisha Sainab akasema "Kinanie," na hakukuwa na haja ya kutafsiriwa.

Tulikwenda kwa pikapu ya wakili, wanawake watatu tumebanana naye mbele. Tulipita EPZ, lile eneo la viwanda la Athi River, wakati wafanyakazi wanatoka kula, mamia yao, na wakili akapiga honi mpaka mkono ukachoka. Mimi nilikuwa nikisikia sauti yangu mwenyewe ya Jumatano, "nani atakufuata hapa," na ningeweza kujichapa makofi.

Tulimkuta Abdisalan hai. Alikuwa anajaza birika la ng'ombe, mtu mwembamba mwenye mvi za mapema, na alipomwona dada yake alicheka kwa furaha. Sainab alimshika mabega, akamkagua kama mtoto aliyeanguka. Kiswahili alikuwa nacho, cha kuokota kwa wachungaji Wakamba.

"Hakuna mtu amekuja," alituambia. "Ni mgeni mmoja tu jana. Mzee wetu, Msomali, lakini bubu. Hawezi kuongea, maskini. Nikampatia maziwa. Amekaa hapo kwa jiwe karibu saa moja."

"Alitaka nini?" nikauliza.

"Hakuna. Ameniangalia tu. Wakati wa kwenda ameshika mkono yangu, hivi, kwa muda mrefu." Alionyesha, akishika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. "Mzee msafi sana. Hata viatu."

Niliketi chini kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini. Nilielewa, na nadhani wakili naye alielewa, kwa nini mtu mwenye sauti kama ile angechagua kuwa bubu mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuuona uso wake.

Sainab akamweleza. Abdisalan alisikiliza akiwa bado ameshika ndoo, na uso wake ukawa unajifunga kidogo kidogo. Dada alitaka aondoke siku ile ile, aende Garissa kwa jamaa. Alilia, akamvuta shati. Abdisalan akaniambia mimi, labda kwa sababu nilikuwa mgeni na ni rahisi zaidi kumwambia mgeni:

"Mama, mimi niko na miaka kumi nje. Kila mzee wa kwetu nikimwona kwa barabara, nafikiri ni yeye. Kwa msikiti, kwa soko, kila mahali. Uso sijui. Sauti najua. Sasa naogopa wazee wote. Nikimjua, nitaogopa mmoja tu."

Wakili alisema kama Abdisalan ataitambua sauti ile na kuapa, yeye ataandika barua kwa wale wanaoshughulikia wakimbizi, na Dayib hatakaa tena kwenye kiti cha mkalimani popote pale. Ndivyo tulivyopanga. Jumatatu Abdisalan angekaa upande wa wakili nyuma ya mbao, pamoja na dada yake na Najmo, na mimi ningemfanya Dayib azungumze. Ilionekana kazi rahisi. Kumfanya mtu azungumze, mimi!

Jumatatu saa tatu kamili nilisikia viatu vyake kwenye ngazi. Nyuma ya mbao kukawa kimya kabisa. Akaingia na shati lake jeupe, na shingoni amejifunga skafu ya sufu, na jua kali liko dirishani.

"Mzee, habari za safari?"

Alitabasamu, akagusa koo. Akachomoa kalamu, akavuta karatasi yangu moja na kuandika kwa mwandiko mzuri wa shule: *Koo. Daktari amekataza nisiongee siku tatu.*

Alikaa kwenye kiti chake. Kisha akageuza kichwa na kuutazama ule ukuta wa mbao, si kwa kushtuka, ila kama mtu anayesoma tangazo.

Nilijaribu. Nilimuuliza hili na lile, akaandika. Nilimpa kichekesho, akatabasamu. Wateja wawili walikuja nikawafukuza. Saa nne chai ikaletwa, akanimiminia kikombe changu, sukari vijiko vitatu kama ninavyopenda, akasogeza ile karatasi. Alikuwa ameandika: *Mama wa Mitaboni, mguu unaendeleaje? Bado analala peke yake tangu Kamanthe aolewe?* Pembeni ameweka tarehe, na saa. Nne na dakika tano.

Kamanthe ni mdogo wangu. Niliusoma mstari ule mara mbili. Chai zote zile za miaka miwili zilinirudia, kila neno nililosema nikicheka, na nikaona kwamba hakuna lililopotea, yote yamewekwa mahali fulani kwa mpangilio. Niliogopa. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kumwogopa mwanamume mwenye rungu.

Na kwangu mimi hofu haikai muda mrefu, inageuka hasira. Nikafungua droo, nikatoa maelezo ya Sainab, nikayatupa mezani.

"Sikia, Mzee. Wakili amekasirika. Amesema kazi yako ni ya ovyo. Amemtafuta mtu mwingine Nairobi, amerekebisha yote."

Akaweka kalamu chini. Akangoja.

"Ati uliandika hii Idara ilikuwa ya watu wenu. Huyo wa Nairobi anasema si kweli." Nikaanza kujifanya nasoma, nikitunga nilivyoweza. "Kazi yote ilifanywa na Warusi. Maafisa wa kwetu walikuwa watu wa kufungua milango na kupika chai. Hawakujua kuhoji. Warusi walipoondoka, Idara ilikufa, ikabaki jina. Wafungwa walipigwa ovyo na walevi, na hakuna aliyeandika chochote."

Uso wake ulibadilika. Hakukunja ndita, wala nini. Aliinama mbele kidogo tu, kama alivyokuwa akiniinamia siku zote nilipokosea tarehe, na nikaona kwamba anapigana na nafsi yake na anashindwa.

"Warusi waliondoka sabini na saba," akasema kwa ile sauti ya chini. "Waliobaki tulikuwa sisi. Kila neno liliandikwa, Mutheu. Kila neno, na saa yake. Hakuna mlevi aliyeingia pale."

Nyuma ya mbao kiti kilianguka.

Nikasikia Sainab akiita jina la kaka yake, mara moja, mara mbili. Wakili akasema, "Abdisalan? Bwana Abdisalan, unasikia?" Niliruka, nikafungua mlango mdogo wa katikati.

Abdisalan alikuwa amesimama, uso ukutani, paji la uso limegusa mbao. Mikono alikuwa ameiweka nyuma, kiganja juu ya kiganja, na miguu ameitenganisha kwa kipimo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Dada yake alikuwa akimvuta mkono kwa nguvu zake zote na ule mkono haukusogea. Suruali yake ilikuwa imelowa.

Mgongoni mwangu Dayib alikuwa hajanyanyuka kitini. Kwa pale alipokaa aliweza kuona kupitia mlango nilioufungua. Alitazama kitambo, bila furaha na bila haya, kisha akasema neno moja la Kisomali, wala hakulisema kwa ukali.

Abdisalan akakaa chini sakafuni.

Mzee Dayib akamaliza chai yake. Alirudisha kalamu mbili mfukoni, akakunja ile karatasi yenye jina la mdogo wangu na kuiweka kwenye shati. "Hayo maelezo yarekebishe," akaniambia. "Yamejaa makosa." Akashuka ngazi bila haraka, na hakuna hata mmoja wetu, si wakili na mihuri yake, si mimi na mdomo wangu, aliyemzuia.

Tulimpa Abdisalan maji. Wakili alipiga magoti mbele yake, mtu mzima na suti yake, akamuuliza kama ameitambua sauti ile. Akamuuliza tena, kwamba tunayo karatasi tayari, ni kuapa tu na kutia sahihi, na yule mtu atakwisha.

Abdisalan alitazama mikono yake.

"Mimi sijasikia mtu," akasema.

Wakili akauliza mara ya tatu. Akajibu vile vile, kwa adabu, akiongeza "mheshimiwa", na kuanzia hapo hakusema tena Kiswahili wala Kisomali. Jioni walikuja jamaa wa mjini wakamchukua kwa gari. Niliambiwa wamempeleka mbali, na safari hii sikuuliza ni wapi.

Sainab alirudi wiki iliyofuata pamoja na Najmo. Barua ya Norway ilikuwa karibu kwisha muda. Aliomba nimwandikie maelezo mengine, na jina la kaka yake lisiwemo, wala jumba, wala ngazi, wala hao "wale". Nilipiga polepole. Ilitoka nusu ukurasa: alizaliwa, aliolewa, vita vilikuja, alikimbia. Najmo akamsomea. Sainab akasema kila kitu ni sawa, akatia sahihi.